Safari ya Kundelungu na Mtarimbo wa Shemeji

Mwalimu aliwaambia watoto wachore mlima. Binti yangu, wa darasa la nne, akachora lundo la udongo wa kahawia lililokatwa bapa juu kama meza, na juu yake malori yanamwaga mchanga. Chini akaweka uzio na mlinzi mwenye kofia. Mwalimu akampa alama zote na kuandika "vizuri sana" kwa kalamu nyekundu. Nilipoiona ile karatasi nilikasirika hivi kwamba ungeweza kuchemsha maji ya bukari, ugali wetu, juu ya kichwa changu bila makaa.

Si kosa la mtoto. Amezaliwa Kolwezi. Kitu kirefu pekee anachokiona kutoka nyumbani kwetu Manika ni lundo la mabaki ya mgodi. Lundo linapanda kila mwaka na shimo la pembeni linazidi kushuka. Nadhani siku moja watatokea upande mwingine wa dunia, na watu wa huko watatuuliza tumepoteza nini. Nikamwambia, "Ile haina mulima, mama. Ile ni takataka ya shimo."

Akaniangalia mimi baba yake kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia babu aliyeanza kusahau majina ya wajukuu. "Sasa mulima inafanana namna gani, tata?"

Mimi nimehitimu shule ya jioni. Jiografia niliisoma baada ya kushinda mchana kutwa nikipanga vipuri vya malori kwenye ghala, nikisinzia hivi kwamba ramani ya Afrika niliilalia shavu mwaka mzima. Kueleza mlima najua. Lakini nilieleza, nikaeleza tena, na kila nilichosema yeye aliuliza lori linapita wapi. Basi nikatangaza: likizo ya kiangazi, kabla mvua haijaharibu njia, tunakwenda Kundelungu, kwenye hifadhi ya milima, mahali ambapo mtu haruhusiwi kuchukua hata jiwe. Tutapita Fungurume na Likasi, tutalala Lubumbashi kwa dada yangu, halafu tutafuata barabara ya vumbi hadi mlima wenyewe. Nilitaka mtoto auone mmoja ulio mzima, kabla hajakua akiamini kwamba dunia iliumbwa kwa mashine.

Mke wangu alifurahi, halafu akauliza lile swali nililokuwa ninaliogopa: "Umeshaambia kaka yangu?"

Kwao mtoto ni wa mjomba kwanza. Baba ni mtu wa kununua viatu. Safari ndefu ya kwanza ya mtoto haifanyiki mpaka mjomba aibariki kwa kinywa chake. Ukipuuza, mtoto akijikwaa tu, ukoo mzima unakaa kikao juu yako, na kikao chenyewe kinaweza kuzeesha jiwe.

Nikapanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, hadi Musonoi anakoishi. Shemeji yangu ni mchimbaji. Amechimba kando ya barabara, chini ya jikoni za watu, wengine wanasema hata chini ya kanisa, ila hilo sikulishuhudia. Akiingia nyumbani kwa mtu, anasalimia sakafu kwanza. Nilijiandaa kwa ubishi wa siku nzima. Akakubali kabla sijamaliza maji ya kunywa.

"Njo vizuri, shemeji. Mutoto aende. Na mi nakuja."

Nilirudi nikiwa nimefurahi kama mjinga.

Jumapili baada ya misa akafika kwetu amevaa viatu vipya, na gunia begani. Tulikuwa uani. Mke wangu alikuwa anasonga bukari, mtoto amekaa kwenye ngazi na kibegi chake alichokwisha kukifunga siku nyingi kabla ya safari, nami nilikuwa ninapiga simu kwa mlinzi wa hifadhi anayepanga ziara. Niliweka sauti kubwa ili wote wasikie. Alikuwa mtu mpole. Aliuliza tuko wangapi, kama tuna hema, na kama tunabeba vitu vizito, maana gari halifiki juu.

Kabla sijafungua mdomo, shemeji aliiinamia simu.

"Jambo, tata. Bitu bizito hatuna bingi. Iko mutarimbo moja, nyundo, na mifuko mitupu."

"Mutarimbo ya nini, tata?"

"Ya kujaribu kidogo."

"Kujaribu nini?"

"Majiwe. Tuone kama iko na kintu ndani. Haina kuchimba, tata. Ni kuonja tu." Halafu, kwa adabu kabisa, kama afanyavyo kila anapofika kwenye shimo jipya, akaongeza: "Na mwenye mulima ni nani? Tungependa kumuona mbele, tupatane naye."

Niliinyakua simu, lakini nilikuwa nimechelewa.

"Hapa mutu haokote hata ua," mlinzi akasema. "Kundi yenu sitaipokea." Simu ikakatika.

Sijawahi kukasirika vile. Nadhani kuku wa jirani waliacha kutaga.

"Akili yako iliporomokewa na shimo?" nikamuuliza shemeji. "Mutu anaenda kutembea na mutarimbo?"

"Sasa mutu anapanda mulima mikono mitupu, kufanya nini?"

"Kuangalia."

"Kuangalia." Alilitamka kama mtu aliyewekewa mboga ya sombe isiyo na chumvi. "Kupanda bulefu yote ile, sababu ya kuangalia tu. Shule yako ya mangaribi njo inafundisha ile?"

"Inafundisha mutu kunyamaza kama hajaulizwa."

"Muache," mke wangu akasema, mwiko mkononi. "Mutoto anasikia."

Shemeji alikaa juu ya gunia lake. Hakuwa anatania tena. "Unanikasirikia bure. Pale kwetu kulikuwa kilima. Tulikuwa tunaokota matunda ya masuku kule juu, tunakula, tunaangalia, sawa vile weye unataka. Hatukugusa kintu. Bengine bakakuja na mashini. Nionyeshe leo ile kilima iko wapi. Kama kule Kundelungu kuko kintu, heri mi nionje wa kwanza, mbele yao."

Hapo ndipo hasira ilipopanda zaidi. Nikamwambia achukue gunia lake aondoke. Akaondoka bukari ikiwa tayari mezani. Kwetu, kuliko mgeni aondoke bila kula, afadhali mtu akutukane mbele ya soko zima.

Siku zilizofuata nilimpigia mlinzi tena nikiwa ghalani, kati ya mafurushi ya mikanda ya injini. Niliomba, nikabembeleza, nikamweleza habari za mtoto. Mwishowe akasema: njoo na mama na mtoto, yule wa mutarimbo abaki. Nikampelekea mke wangu habari nikitegemea furaha.

"Kaka asipobariki, mutoto haendi," akasema. "Na asiposikia kwa kinywa yako kwamba anabaki, hatabariki."

Kwa hiyo nilirudi Musonoi, safari hii na mtoto. Shemeji alikuwa nje, anaosha matope miguuni kwenye beseni. Hakuinuka.

"Umekuja kuniambia nibaki."

"Ndiyo."

"Ni mulinzi anasema, ao ni weye?"

Ningeweza kumtupia mlinzi mzigo wote. Hasira ilinikataza. "Sisi wote wawili."

Akaendelea kuosha, kidole kwa kidole. Mtoto alipiga goti akamsalimia. Mjomba akamuuliza, "Unataka kuona nini kule?"

"Sijue, mujomba. Sijaona."

Shemeji akatoa miguu kwenye beseni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande cha mpemba, udongo mweupe wa baraka, akakilowesha na kumpaka mtoto kwenye paji la uso. Akawataja wazee wao waliokufa, mmoja mmoja, akiwaomba wafungue njia ya kwenda na ya kurudi. Wakati wote huo hakunitazama. Alipomaliza akanigeukia.

"Mutoto nimemubariki. Weye, hapana. Ukianguka kule, uanguke na shule yako."

Siku nyingine ningecheka hadi nishikwe na kwikwi. Siku ile nilisema asante huku nimebana meno, nikamshika mtoto mkono, nikasimamisha taksi-moto.

Alikaa kati yangu na dereva. Malori yalikuwa yanatupita na kutumwagia vumbi, naye alifunika paji la uso kwa viganja vyote viwili, mpemba isifutike. Dereva alimwona kwenye kioo.

"Munaenda wapi na sura ya sikukuu, mama?"

"Ku mulima," mtoto akasema.

"Mulima ya kampuni gani?"

Nikamwambia aangalie barabara.