Bibi Hakushika Jiko la Msiba

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya pili, tuliambiwa akina mama tusitawanyike. Nje ya kanisa, hapa hapa Babati mjini, walikuwa wameweka meza mbili. Moja ya kikundi cha sala, nyingine ya kikundi cha huduma, na kila mmoja wetu alitakiwa achague pa kujiandikisha. Ukienda sala, utakuwa unafika kanisani jioni kuabudu. Ukienda huduma, utatembelea wagonjwa, utafua nguo zao, utapika kwenye misiba. Wenzangu walijigawa haraka haraka kama wasichana wanaochagua timu za rede. Mimi nilibaki katikati ya meza mbili nimekumbatia mkoba, mpaka dada mmoja wa mezani akaniambia kwa heshima, "Mama, wenzako wanasubiri." Nikamwambia nitarudi. Sijarudi mpaka leo, na sababu iko Nakwa, kwenye nyumba ya bibi yangu.

Nakwa ya utoto wangu, ndugu yangu, usiilinganishe na hii ya sasa yenye mabati ya rangi na mageti. Ilikuwa mashamba tu, mahindi yamechanganywa na mbaazi, alizeti pembeni, na njia nyembamba za ng'ombe. Jioni upepo ulituletea harufu ya matope ya ziwani, na watoto tuliambiwa tusiende kuchota maji saa za viboko kutoka. Nyumbani tulikuwa mimi, mama yangu na bibi, mama yake baba. Baba alikuwa mtu wa safari. Asubuhi nilifagia uwanja, nikapeleka ndama malishoni, nikarudi kunywa uji wa mtama uliochachuka kidogo, ule unaokuna koo, ndipo niende shule.

Bibi alikuwa ameshuka kutoka nyanda za juu za Mbulu kwa ajili ya ndoa, akashuka na Ukatoliki wake na Kiswahili chake cha taratibu, neno moja likimsubiri mwenzake. Shambani alilima kama watu wote. Lakini tukisharudi na kula, alichukua kigoda chake, akakiweka mlangoni pa ghala, akakaa. Mikono aliilaza mapajani, viganja juu. Hakushika rozari saa hiyo wala midomo haikucheza. Sisi tulitembea kwa ncha za vidole, na wageni waliokuja walimsubiri. Siku moja nilimwuliza huwa anamwambia Mungu nini muda wote ule. Akasema, "Simwambii kitu. Nanyamaza nisimkatize." Nilikuwa mdogo, nikaona ni jibu la mtu aliyechoka.

Ng'ambo ya uzio wetu wa minyaa aliishi jirani, na huyo sasa alikuwa kinyume kabisa. Mlutheri, mtu wa kuja, amemfuata mumewe aliyekuwa fundi wa mashine ya kusaga. Mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Kukiwa na mgonjwa, yeye ndiye aliyefika na kuni kichwani. Kukiwa na mzazi, yeye ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto na kumpikia mtori. Na kukiwa na msiba, uwe wa Walutheri au wa Wakatoliki, jiko lilikuwa lake. Wakimtania kwamba haonekani kwenye maombi ya katikati ya juma, alijibu huku anakoroga: "Mungu anajua pa kunikuta. Aje jikoni, nimtilie chakula."

Lazima nikueleze habari ya jiko la msiba, maana ndiyo kiini. Mtaani kwetu mwanamke alipimwa hapo. Msiba ukitokea, kila nyumba ilileta unga, maharage na kuni, na kila mwanamke alijifunga kanga akaenda nyuma ya nyumba ya mfiwa kwenye mafiga. Hilo ndilo lililoitwa kushika jiko. Asiyeshika jiko la wenzake alijua kabisa kwamba siku ya kwake watu watapita barabarani wakiangalia mbele. Hakuna aibu iliyozidi hiyo, kufiwa na moshi usionekane nyumbani kwako.

Na bibi yangu hakushika jiko. Alikwenda kila msiba, hakukosa hata mmoja, lakini akifika aliinama mlangoni, akaingia moja kwa moja chumbani, akakaa kwenye mkeka ubavuni mwa mfiwa. Basi. Hakuhubiri, hakumwambia mtu asilie. Alikaa mpaka jua lishuke, kesho yake akarudi akakaa tena. Huko nyuma wanawake walikuwa wanapepesa macho kwa moshi na kusema yule mama wa Kimbulu anajua kukwepa kazi, amepata kivuli cha sala. Mama yangu alikuwa anapika kwa niaba ya wawili, na aliyasikia yote.

Wangeendelea kumvumilia, nadhani, kama si habari ya yule mzazi. Mwanamke mmoja wa upande wa bondeni alikuwa amejifungua, akapata homa kali. Mume wake hayupo. Bibi alipopata habari aliondoka na rozari yake, akakaa kitandani kwa mgonjwa tangu asubuhi, amemshika mkono, anasali. Alisali kweli, na mgonjwa mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba mkono ule ndio uliomshikilia. Lakini nje kulikuwa na watoto wake wadogo, na moto ulikuwa umezimika. Walikaa ukutani wanamsikiliza bibi yangu na Salamu Maria zake mpaka mmoja akalala na njaa juani. Jirani alipotokea mchana na uji wake ndivyo alivyowakuta. Aliwasha moto kwanza, akawalisha. Kisha akasimama mlangoni akamwambia bibi mbele ya watu: "Mama, huyo Mungu unayemwomba hajakuonyesha hawa watoto?"

Bibi alirudi nyumbani, na siku ile hakuweka kigoda mlangoni pa ghala. Alikaa ndani. Mimi niliingia na kikombe cha maziwa ya mgando nikakuta analia, na sikuwahi kumwona akilia, kwa hiyo na mimi nikaanza. Aliniambia, "Amesema kweli. Sikuwaona."

Maneno hayakuishia pale. Wanawake wa mtaa walikaa, wakakubaliana kwamba nyumba yetu ikifiwa, hakuna wa kushika jiko, mpaka bibi aje mwenyewe kuomba radhi na kujifunga kanga kama wengine. Jirani ndiye aliyetumwa kuleta ujumbe, akauleta wima bila kukaa. Mama yangu aliingiwa na hofu. Bibi alikuwa mzee tayari, kifua kinambana kila masika, na sisi tulikuwa na ndugu wa Mbulu ambao wangeshuka kwa wingi siku ya kumzika. Mama alimwomba bibi aende tu, apepete hata mchele kidogo, mambo yaishe. Bibi akamjibu kwa ule upole wake wa kuudhi, "Mimi siku hiyo sitakula." Mama akasema, "Wewe hutakula, sisi je? Watu wakutoe hapa na njaa kama mtu asiye na kwao?" Ulikuwa ugomvi wao wa kwanza niliousikia, na wote wawili walikuwa na haki.

Usiku huo bibi alimweleza mama jambo ambalo hata baba sidhani kama alilijua. Kwamba huko Mbulu, kabla hajashuka kuolewa huku, alizika mtoto wake wa kwanza. Watu walijaa. Walipika vizuri, hakuna aliyeondoka na njaa, na yeye alilala mkekani anaangalia ukuta, akisikia vijiko. Hakuna aliyeingia isipokuwa mwanamke mmoja asiyemjua, aliyekaa karibu naye mchana kutwa bila kusema neno. "Bila yeye nisingeamka pale," alisema. Basi alimwahidi Mungu kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yake. Hata hivyo hofu haikumwondoka mama.

Masika yaliyofuata, kijana wa jirani alifukiwa na kifusi machimboni. Alikuwa mtoto wake pekee wa kiume. Walimleta kwenye sanduku lililopigiliwa misumari, na wazee wakaamua lisifunguliwe.

Sasa sikia lililotokea. Jirani hakulia. Walimkalisha mkekani, akakaa kidogo, akainuka. Akatoka na kanga yake kiunoni, akaja nyuma jikoni kwenye msiba wake mwenyewe, akashika mwiko. Akauliza chumvi iko wapi. Akasema maji haya hayatoshi, unga huu nani kaleta, nyinyi mnapika kwa ajili ya watu wangapi. Wanawake walikauka. Wamemzoea kuwaamuru, leo nani amwamuru yeye? Walimsogelea wakamwita mama, mama, naye akawasukuma kwa kiwiko na kuendelea kukoroga. Mimi nilikuwa nimeleta kuni na mama, nikaona jinsi macho yake yalivyokuwa makavu, nikaogopa.

Ndipo bibi akaingia kupitia uwazi wa minyaa. Wote walijua hawa hawasalimiani tangu siku ya ule ujumbe. Nilidhani atamshika mkono ampeleke ndani. Hakufanya hivyo. Alivua shuka lake la baridi, akajifunga kanga, akakaa chini kabisa kwenye majivu, na kuanza kusukumia kuni chini ya sufuria. Ukuni ukifuka anaupuliza. Akavuta ungo akachambua mbaazi. Hakuna aliyewahi kumwona pale. Jirani alikoroga, bibi akachochea, hakuna aliyesema neno, na jiko zima likanyamaza nao.

Muda ulipita. Mwiko ukaanza kwenda polepole, kisha ukasimama. Jirani akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mama, hawajanionyesha uso wake."

Bibi akainuka kwa kushikilia goti. Akauchukua mwiko, akampa mama yangu, akamwambia, "Koroga hiyo." Kisha akamshika jirani, wakaingia ndani. Tulisikia kilio kikianza, kile kilio kirefu, na wanawake wote pale jikoni wakaangua naye. Baadaye nilitumwa kupeleka uji. Jirani alikuwa amelaza kichwa mapajani pa bibi, na bibi amekaa vile vile anavyokaa mlangoni pa ghala, amenyamaza, vidole vyeusi kwa masizi.

Kile kikao cha kututenga hakikufutwa na kikao kingine. Kilikufa chenyewe. Nilichokiona mimi ni kwamba baada ya matanga jirani alianza kuja kwetu mchana kukaa. Mwanzoni hakuweza, maskini. Anakaa kidogo, anaona fagio, anainuka. Bibi anamwambia, "Kaa." Anakaa, anaona kuku kaingia ndani, anainuka. "Kaa, mwanangu." Na bibi naye akawa hamtembelei mgonjwa kabla ya kupita nyuma ya nyumba kutazama kama moto unawaka na watoto wamekula. Njiani waliongozana, mmoja na rozari, mwingine na kuni, na kuna siku walibadilishana, kuni zikawa kwa bibi na jirani Mlutheri akamshikia rozari mkononi asijue aiweke wapi. Nilimsikia bibi akimwambia, "Miaka yote nilidhani Mungu ananingoja pale kwenye kigoda tu."

Bibi alikufa nikiwa sekondari, mvua zikiwa zimekata barabara. Ndugu wa Mbulu walishuka kwa miguu sehemu ya njia, wengi kama mama alivyohofia. Moshi ulionekana, ndugu yangu. Wanawake wa Nakwa, wa Nangara, hata wa Mutuka walifika na unga wao. Ila jirani hakwenda jikoni. Aliingia ndani, akakaa mkekani kati yangu na mama. Huko nyuma, bila yeye, mambo yalikwenda ovyo na wali uliungua. Harufu ilituingilia mpaka chumbani. Nilimwangalia, nikajua ameisikia kabla yetu sote. Mikono ilimcheza. Akaushika mmoja kwa mwingine, hakuinuka.

Wote wameondoka sasa, jirani na mama pia. Minyaa imeng'olewa, pamejengwa ukuta. Misibani siku hizi tunakodi wapishi, wanakuja na sare zao na majiko ya gesi, na sisi tunakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai tukiangalia simu mpaka tuitwe kula. Silaumu, chakula ni kizuri. Lakini hatuna tena mahali pa kuchafuka masizi pamoja, na sijui tutajifunzia wapi kukaa.

Juzi nilikwenda kumpa pole binti mmoja wa Maisaka aliyefiwa na mumewe. Nje palijaa watu. Ndani nilimkuta peke yake kwenye godoro, kikombe cha chai kimepoa mbele yake. Nikatoka nikamtafutia chai ya moto, nikarudi nikakaa chini karibu naye. Muda mrefu hakusema kitu, wala mimi. Mwishowe akaniuliza, "Mama, wewe huna kazi huko nje?" Nikamwambia sina.