Rayya Alibaki kwa Bi Thuraya

Maziwa ya Matrah yalinuka samaki. Ng'ombe wa mji ule, katika miaka ya sitini, hawakuwa na majani ya kula. Walilishwa dagaa waliokaushwa ufukweni, na kuchanganywa na kokwa za tende zilizopondwa, na harufu ya chakula hicho ilirudi yote katika maziwa. Mama aliyachemsha na hiliki, akatia na mdalasini, lakini tukiinua kikombe tu harufu inatupiga puani. Mdogo wangu Rayya, aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa akifumba macho na kubana pua ndipo anywe, na Mama akicheka kwa sauti ya chini, kwa kuwa nyumba haikuwa yetu. Nilikuwa na miaka tisa. Ndiyo kwanza tumefika kutoka Unguja, mwaka ule ule wa mapinduzi, na kila kitu nilichokijua kuhusu Omani nilikisikia kwa Baba, ambaye naye alikuwa hajawahi kuiona.

Baba alizaliwa Unguja, na baba yake pia. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na salamu, lakini kule alihesabiwa Mwarabu, na kwa ajili hiyo aliondoka. Mama hakufukuzwa na mtu. Kwao ni Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, wazee wake asili yao Wanyasa, na ndugu zake walimsihi abaki: wewe Mwanaidi unakimbia nini, hii si nchi yako? Akawajibu kwamba mume wake anakwenda na watoto wake wanakwenda. Alifunga kanga zake na kinu kidogo cha kutwangia bizari, akapanda meli. Hilo nimelifikiria maisha yangu yote. Baba alikimbia kwa sababu ya rangi yake, na Mama akamfuata mpaka mahali ambapo rangi yake yeye ndiyo iliyokuwa tatizo.

Tulipokewa na Bi Thuraya, shangazi yake Baba, mjane mwenye nyumba ya ghorofa iliyopakwa chokaa, si mbali na soko. Ruhusa ya kuingia nchini ilipatikana kwa udhamini wake, na kazi aliyopewa Baba, ya kusimamia ghala la mchele na tende, ilikuwa ya jamaa zake. Ukiacha milima myeusi iliyotuzunguka, mji wote ulikuwa mweupe: nyumba nyeupe, kanzu nyeupe, na wenye mji nao wakijihesabu weupe. Watu weusi walikuwapo, lakini nilipowaona njiani walikuwa wamebeba kitu, viriba vya maji, magunia, au watoto wa wenyewe. Watumwa walikuwa bado wapo nchini siku hizo. Katika nyumba ya Bi Thuraya alikuwapo mmoja, mama mtu mzima jina lake Saada, aliyezaliwa humo humo jikoni na kulala humo humo.

Siku ya kwanza Bi Thuraya alituangalia mmoja mmoja. Mimi nimetoka kwa Mama, rangi, nywele na pua. Rayya alitoka kwa Baba, mweupe, nywele zimemwagika mabegani. Bi Thuraya alimpakata Rayya, akamnusa shingoni, akamwambia Baba kwa Kiarabu kwamba huyu ni damu yetu. Mimi alinigusa kichwani kwa ncha za vidole. Mama, kwa adabu za kwao, aliona si vizuri mgeni mwanamke kukaa tu huku wenzake wanapika, akajifunga kanga akaingia jikoni kumsaidia Saada. Hakutoka tena. Siku ya pili aliulizwa kama anajua kupika biriani, siku ya tatu akakabidhiwa funguo za stoo ya mchele, na mwezi ulipokwisha wageni wakija hakuna aliyemwita sebuleni. Saada alikuwa na Kiswahili cha kuokoteza, alichokipata kwa watu wa pwani waliowahi kupita katika nyumba ile. Nakumbuka alimwambia, "Mwanaidi, ungekaa juu siku ile ya kwanza. Mimi nikakuchekelea kwa kupata msaidizi, nikanyamaza."

Mimi nilikaa na Mama jikoni. Rayya alikaa juu. Alishonewa nguo za rangi za kimanga, suruali zenye mapambo miguuni, akapakwa hina na wanja, akakalishwa karibu na Bi Thuraya wageni wakija. Mimi nilipandisha mdila wa kahawa na sinia ya halua, nikaosha vikombe, nikashuka. Wanawake wale walinisema mbele yangu wakidhani sielewi, na kweli miezi ya kwanza sikuelewa, ila neno moja tu nililolisikia kila siku: khadima. Nilimuuliza Baba maana yake. Akasema ni mtu anayesaidia kazi. Nikamuuliza Saada, akasema, "Ni mimi." Usiku ule nilimtazama Mama amelala nikaogopa kumwambia.

Siku za baridi zilipofika, binti ya Bi Thuraya aliolewa. Siku tatu Mama na Saada hawakunyoosha mgongo. Mbuzi, mchele, vitunguu, moshi wa kuni mpaka macho yakawa mekundu. Siku ya wanawake sebule ilijaa, udi unafuka, dhahabu inalia mikononi mwa watu. Mama alipanda na sinia kubwa ya wali kichwani, mimi nyuma yake na birika la kunawisha. Rayya alikuwa ameketi na bibi harusi, amevaa kijani, na hakuwa amemwona Mama tangu asubuhi. Alipomwona aliruka, akapita katikati ya wageni, akamkumbatia miguuni, akapiga kelele, "Mama! Mama, nimekutafuta!"

Wageni wakacheka. Mwanamke mmoja, mnene, mwenye pete kila kidole, akamuuliza Bi Thuraya kwa nini mtoto mzuri kama huyu anamwita khadima mama. Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kukisikia Kiarabu, na jibu nililisikia neno kwa neno. Bi Thuraya alisema bila ya kubadilisha uso, "Alimnyonyesha tangu mdogo. Watoto wa Zinjibari ndivyo wanavyolelewa."

Sikujua kama Mama ameelewa. Alisimama na sinia kichwani, Rayya amemganda miguuni. Kisha akaishusha taratibu, akaiweka juu ya mkeka wa chakula, akajifuta mikono kwa kanga. Akamwinua Rayya, akampakata ubavuni. Akasema kwa Kiarabu kibovu, lakini kwa sauti ambayo hata waliokuwa ngazini waliisikia, "Ana ummha. Mimi ndiye mama yake. Nimemzaa huyu, na yule mwenye birika. Nassor ni mume wangu."

Mwanamke mwenye pete alijitazama mikono yake. Bi Thuraya akasema, "Karibuni chakula," na wageni wakanawa. Nilipita na birika, nikawamwagia maji mmoja baada ya mmoja, na hakuna aliyeniangalia usoni.

Baba aliitwa na Bi Thuraya jioni ile ile. Walizungumza mlango umefungwa, kisha akashuka jikoni, akasimama karibu na meko, akivuta kola ya kanzu yake. "Ungevumilia, Mwanaidi," alisema. "Ni siku ya harusi ya watu."

"Nimevumilia tangu nilipokuja," Mama akamjibu. "We umeoa nani, Baba Salha? Nambie hapa mbele ya mwanao. Umeoa mke, au umenunua mtu?"

"Usiseme hivyo."

"Maneno niliyoyasema kule juu nilitaka uyaseme wewe. Mie Kiarabu sikijui."

Baba akasema Bi Thuraya hawezi tena kukaa naye nyumba moja, ameaibishwa mbele ya watu wake. Tutatafutiwa nyumba nje ya ukuta wa mji. Halafu, huku akitazama majivu, akaongeza kwamba Rayya atabaki. Atafundishwa na mwalimu wa nyumbani, atavaa, ataolewa na watu. Ni kwa muda tu, mpaka mambo yetu yatengenee.

Mama hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nikimngojea apige. Alisema, "Nimeacha mama yangu mzazi kwa ajili yako. Sikuja huku kugawiwa wanangu, huyu anafaa, huyu hafai." Kisha akauliza kama mimi, Salha, nimetakiwa nibaki pia. Baba akanitazama mara moja, akainamisha kichwa. Tangu siku ile nikajua thamani yangu katika mji ule, na aliyenijulisha alikuwa baba yangu, kwa kunyamaza.

Tulihamia kibanda cha makuti ya mtende nje ya lango, mahali walipokaa Mabaluchi na watu weusi walioachiwa huru. Mchana joto lilitutoa jasho hata tukiwa tumelala, na usiku vumbi lilituingia masikioni. Mama alishona kofia za viua, na mashekhe waliopita na kofia zile vichwani hawakujua zimetoka kwa nani. Baba alikaa nasi miezi michache, akasema anakwenda Kuwait kutafuta riziki, akaenda. Aliporudi, baada ya miaka, alikuwa na mke mwingine.

Kila Ijumaa Mama alijipaka uturi, akanishika mkono, tukaenda kumwona Rayya. Mwanzoni alitukimbilia. Halafu akawa anatembea. Halafu Kiswahili kikaanza kumtoka, neno moja moja. Mama anamuuliza kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiarabu. Alikuwa amefika miaka minane tulipobisha hodi Ijumaa moja akafungua yeye mwenyewe mlango mkubwa. Ndani mlikuwa na wageni, tulisikia vikombe. Akatabasamu kwa adabu, wala hakukusudia ubaya, akasema kwa Kiarabu kile kile ambacho bila shaka alikisikia kila siku kikiambiwa watu kama sisi, "Zungukeni mlango wa nyuma."

Mama akamtengeneza shela yake iliyokuwa imeteleza begani, akambusu kwenye paji la uso, akanishika mkono, tukaondoka. Ijumaa iliyofuata hakujipaka uturi, na hatukwenda tena.

Mwaka wa sabini Sultani mpya alishika nchi, mambo yakafunguka. Ndugu zetu wakamiminika kutoka Unguja, Mombasa na Kairo, na kwa kuwa walisoma, serikali iliwahitaji. Ghafla Kiswahili kikasikika wizarani, benki na uwanja wa ndege. Mimi niliingia shule nikiwa msichana mkubwa, nikawa muuguzi, nikajenga. Leo vijana wangu wanaongea Kiswahili dukani bila kuangalia nyuma, na watu wananiambia, Bi Salha, yale yamepita, uyaachilie. Nawaitikia. Lakini nimeshakaa katika posa nyingi, na ninajua kwamba katikati ya halua na kahawa kuna dakika ambayo sauti zinashuka na mtu anauliza, na upande wa mama, asili yao wapi?

Mama alifariki miaka michache iliyopita, mzee sana, mikononi mwangu. Siku ya pili ya matanga, wanawake wakiwa wamejaa ukumbini kwangu, aliingia mwanamke mtu mzima, mweupe, abaya yake ya thamani, dereva akimngojea nje. Anakaa Madinat Sultan Qaboos, kwenye nyumba yenye bustani. Niliinuka. Kwetu wafiwa hukaa upande mmoja wakapokea mikono, na kando yangu palikuwa na nafasi tupu ambayo sikuruhusu mtu aikalie tangu jana yake. Rayya aliiona. Alinipa mkono, akasema kwa Kiarabu maneno anayoambiwa mfiwa, Mwenyezi Mungu awape subira njema, akapita kwenda kukaa na wageni. Akanywa kahawa kikombe kimoja, akakitikisa kuonyesha ametosheka, akaaga.

Nikamjibu kama anavyojibiwa mgeni: Mungu akulipe kheri kwa kuja.