Minazi Mitatu ya Simu

Nilipotangaza kwamba sitaitunza tena ile simu, watu walichanga kwa kasi ambayo sijapata kuiona. Miaka yote niliyowaomba mchango wa matunzo, walinipa dua. Mchango wa kuniaga ulijaa kabla ya wiki kwisha.

Ilikuwa simu ya Linux, yaani mfumo ulio wazi, ambao yeyote mwenye ujuzi anaweza kuufungua na kuurekebisha. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa kidogo, cha mbali, na kilishaisahau. Mfadhili mmoja wa nje alituletea maboksi kadhaa, akafanya ufunguzi kule Tunguu kwa utepe, fulana na biriani. Mimi nikapewa kazi ya kuifundisha simu kusoma ujumbe kwa sauti, kwa Kiswahili chetu, kwa ajili ya wasioona. Mradi ulipokwisha, mfadhili alipiga picha zake akaondoka. Bado sijamwona mfadhili anayekata utepe wa matengenezo.

Kulea nikaachiwa mimi, katika chumba changu cha juu Mkunazini, mjini. Kila kampuni za simu zinapobadilisha mitambo, kila linapogunduliwa tundu la kupitia wezi wa mtandaoni, lazima mtu akae aandike programu upya, ajaribu, akosee, aandike tena. Asipokaa mtu, simu haifi ghafla. Kwanza inakata sauti katikati ya mazungumzo, kisha haipokei ujumbe, mwisho inabaki ya kutazamia saa.

Mama yangu mdogo, anayekaa kijijini Uroa, alipoteza macho ukubwani. Wanawe wako Arabuni na humwandikia. Zamani ilimbidi ampe jirani amsomee, na jirani yule alikuwa na mdomo: akisoma adhuhuri, alasiri mtaa mzima unajua nani kaumwa na nani kagombana na mumewe. Simu ile ilimrudishia siri zake. Mengine yote ningeyaacha yaende na maji, lakini hilo nililionea uchungu.

Basi nikawaita watumiaji wenzangu, nikawaomba kila mtu atoe kidogo kila mwezi. Mwenyekiti wa kikundi chetu, mhadhiri mwenye kauli tamu, akanishika bega.

"Ndugu yangu, hii ni kheri. Ujira wako uko kwa Mwenyezi Mungu."

Wote wakaitikia amin. Nikasema umeme wa chumbani kwangu unalipiwa hapa hapa duniani. Wakacheka, wakasema nina hasira za karibu. Hao hao wakiletewa kadi ya harusi hutoa bila kuuliza, hata kwa harusi ya mtu wasiyemjua babake.

Nilimsimulia mama mdogo, nikitegemea anionee huruma tu.

"Msikiti wetu hapa unatengenezwa kwa pesa gani?" akaniuliza.

"Kwa minazi ya wakfu, mama."

"Haya, kaniitie watu wawili pale msikitini."

Mbele yao akaiweka wakfu minazi mitatu iliyo nyuma ya nyumba yake: mazao yake ni ya kuitunza simu ile, si ya kingine chochote. Mashahidi walitazamana, lakini walishuhudia. Mwenyekiti alipopata habari alicheka mpaka akavua miwani. "Wakfu wa simu! Kesho tutasikia wakfu wa rimoti."

Minazi mitatu haiwezi kubeba kazi ya namna ile. Nilijikongoja, kisha nikachoka. Sikuugua wala sikupata kazi ya maana zaidi. Nilichoka kuwa sadaka ya watu wenye mishahara.

Wakaniaga ukumbini, na keki yenye umbo la simu. Mwenyekiti aliniita nguzo yetu, sauti ikamtetemeka. Kisha wakanikabidhi zawadi: simu mpya ya kampuni kubwa, ya bei mbaya, imefungwa utepe. Nikasimama pale nikijua kwamba bei ya zawadi ile ingeilea simu yetu kwa muda mrefu. Nilitabasamu kwenye picha.

Simu hiyo ya utepe nilimpelekea mama mdogo. Ilimsomea Kiswahili kama mtalii anayesoma menyu. Akasikiliza kidogo, akanirudishia.

"Huyu simuelewi, mwanangu."

Haukupita muda, kampuni ya simu ikabadilisha mitambo, na simu yake ya zamani ikaacha kupokea ujumbe. Wanawe wakawa wanaandika kwenye simu ya jirani. Siku binti yake alipoandika kwamba ameachwa, mama mdogo alisomewa uani, mbele ya wanawake waliokuja kuazima kinu. Alinisimulia mwenyewe, kwa sauti ndogo.

Kisha kikaja kiroba cha nazi kutoka Uroa. Nikampigia kwa namba ya jirani.

"Shikamoo mama. Simu ile nshaiacha. Nazi hizi nnakurudishia."

"Marahaba. Unirudishie mimi? Ishakuwa ya wakfu minazi hiyo. Mimi sina ruhusa nayo na wewe huna. Ziuze, ufanye kazi yake. Hutaki, utajibu mwenyewe mbele ya Mungu."

Nilikibeba kiroba hadi sokoni Darajani huku nikitukana kimoyomoyo, na si yeye niliyekuwa nikimtukana. Nikaziuza, nikanunua umeme na bando, nikakaa kitako. Kazi ilinila macho, lakini simu ya mama mdogo ikapokea ujumbe na kumsomea chumbani mwake, mlango umefungwa.

Programu iliyo wazi haifungiwi mtu, kwa hiyo nililiweka toleo jipya kwenye grupu letu la watumiaji, kama zamani. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kulipakua. Hakunisalimu wala hakuuliza nani amelipia.

Aliandika, "Mbona safari hii imechelewa?"