Salamu za Dakika Kumi

Mume wangu alikuwa fundi redio hapa Kanga, kisiwani Mafia, na mwaka wake wa mwisho alishikwa na jambo la kuongea na watu kupitia setilaiti. Ziko setilaiti ndogo za wapenzi wa redio, zinapita juu yetu mara kadhaa kwa siku. Unaisemesha kwa redio ya mkononi, nayo inaifikisha sauti yako mbali. Saa ya kupita tuliiona kwenye simu. Tangu ichomoze mpaka izame ni kama dakika kumi.

Antena aliiunda mwenyewe kwa bomba la plastiki na vipande vya futi ya chuma ya seremala. Leseni zilikuja mbili, yake na yangu. Mimi nimeishia darasa la saba, na mtihani niliufanya kwa sababu yeye aliutaka. Kazi yangu ilikuwa kushika antena na kuielekeza kwenye setilaiti inavyopita, yeye akiongea.

Mara ya kwanza tuliharibu. Alibonyeza kitufe, akaanza: "Assalaam alaykum, jamani. Habari za asubuhi? Habari za huko? Watoto hawajambo?" Akaachia, akangoja aitikiwe, akaanza upya. Setilaiti ile inabeba sauti moja tu kwa wakati mmoja, na watu wa nchi nyingi wanaingojea. Mwishoni akaingia mtu wa Mombasa.

"Bwana, taja alama ya leseni yako na mahali ulipo, kisha upishe wenzio. Hapa si barazani."

Aliona haya siku nzima. Kwetu humwambii mtu neno hujamsalimia. Ikabidi ajifunze kukata maneno, na alijifunzia kwangu: namletea chai, ananitajia alama yake, anasema "Kanga, Mafia," ananyamaza. Wifi yangu alikuwa akimcheka. "Kaka, ukimaliza huko angani uturudishie adabu yetu."

Wiki iliyofuata mtu wa Mombasa alimjibu. Ukawa mstari wa kwanza katika daftari alimoandika kila aliyeongea naye. Baada ya hapo waliitana kila Jumamosi asubuhi.

Alifariki kwa homa ya siku nne. Watu walinitazama wakingoja nilie, na mimi sikuweza. Nikakaa eda ndani ya ua wetu wa makuti, wifi akahamia kwangu. Nilikula nilipopewa. Jumamosi ya tatu niliwasha redio, labda kwa sababu ilikuwa Jumamosi tu. Mtu wa Mombasa alikuwa akiita alama ya mume wangu. Anaita, anangoja, anaita. Jumamosi ya nne vilevile.

Nikamwambia wifi kwamba nataka kumjibu.

"Umo edani, ukaongee na mwanamume? Tena wa Mombasa?" Alitaka nicheke.

Mama mkwe alikuwa akichagua mchele. Hakuinua uso.

"Anamwita mtu aliyekufa," alisema. "Mwambie."

Jumamosi ya tano nilisimama uani na redio sikioni. Antena alishika wifi.

"Wapi?"

"Anzia juu ya mnazi ule, halafu uishushe taratibu upande wa kaskazini."

Mtu wa Mombasa akaita. Nikabonyeza, nikataja alama yangu, nikasema: "Kanga, Mafia. Unayemwita ni mume wangu. Amefariki."

Nikaachia kitufe, ndipo nilipotambua kwamba sikumsalimia. Habari ya kifo nilimpa kama tulivyofundishwa kutaja alama.

Hata waliokuwa wakiita kwa Kiingereza waliacha, sijui kama walielewa.

"Waalaykum salaam," akajibu, kama vile nilikuwa nimetoa salamu. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, dada yangu. Mama yake yupo?"

"Yupo."

"Mpe pole. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na wewe, unakula?"

"Nakula."

Aliendelea hivyo, swali baada ya swali, na hakuna aliyeingia kumwambia apishe wenzake. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Alikuwa bado anauliza setilaiti ilipozama.

Sikulia hapo pia. Niliandika saa na alama yake katika daftari, chini ya mwandiko wa mume wangu.

Wifi alikuwa bado ameinua antena.

"Kasemaje?"

"Kanisalimia," nikamwambia.