Wali wa Mama kwa Kunguru wa Kibosho

Mama alipokaribia kutimiza mwaka tangu afariki, Dar es Salaam nilibaki peke yangu wa kumfanyia kumbukumbu. Kaka zangu walishahamia Madras, India, na Watamil wenzetu niliowajua waliondoka mmoja mmoja. Mama aliagiza jambo moja tu: wali wake uwekwe Kibosho, tulikoishi miaka mingi baba akiwa karani wa shamba la kahawa, kabla halijataifishwa nasi kuhamia Dar es Salaam. Kwetu, siku hiyo wali huwekwa kwenye jani la mgomba, kisha kunguru huitwa aje ale kwa niaba ya marehemu. Akila, marehemu ameridhika. Asipokula, ana kinyongo, nami nilikiogopa kinyongo hicho. Tangu wenzangu waliponicheka shuleni kwa lugha yetu, mama alinisemesha Kitamil nikamjibu Kiswahili, mpaka akafa.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka. Nilipakata mchele, ufuta na chupa ya samli, vitu nilivyovisaka wiki tatu, maana miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha. Abiria mwenzangu aliniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa mama. Akafurahi, akanipa chungwa. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Moshi tulifika jioni, mlima umejifunika mawingu. Asubuhi yake nilipanda Landrova mpaka barabara iliposhindikana, nikamalizia kwa miguu kwenye utelezi. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ghala la mbolea. Ng'ambo ya ua wa masale nikamkuta Mama Felista, jirani yetu wa siku zote, akifunga mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si Selva? Jamani! Mama yako hajambo?"

Hakuwa na habari. Nilipomwambia, alikaa chini palepale juu ya majani yake, akalia. Mimi nilisimama na mkoba wangu, sijui mikono niiweke wapi.

Nilipoomba pa kupikia, hakuniuliza mengi. Alinipa sufuria na kuni, akaenda kumlisha ng'ombe. Nilioga maji ya mfereji, baridi yake haisemeki, nikapika, nikaweka jani la wali juu ya jiwe karibu na masale. Katika maneno ya mama ya kuita kunguru nilikumbuka mawili tu. Niliyarudia kwa aibu. Kunguru mmoja akashuka, akasogea, akainamisha kichwa.

"Toka! Mwizi mkubwa wewe!"

Fimbo ilipita sikioni mwangu. Mama Felista alikuja mbio, gauni kalikunja. "Wamenimalizia vifaranga, sasa wanataka na wali wa mgeni!"

Kunguru akaenda zake. Nikamweleza wali ulikuwa wa nini.

Akashika mdomo. "Yesu wangu! Mama yako alikuwa akiwatupia punje tu asubuhi. Nimeona jani zima, nikajua umeacha upoe. Basi nimemfukuza mama yako?"

Tulingoja. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Nilimwambia yeye ale, akakataa katakata. Alisema kama mama yangu hajala, yeye pia hali. Nilijisemea moyoni kwamba nimepata nilichostahili.

Mwishowe aliinuka, akasimama kwenye masale, akaita. Aliita kwa Kitamil, wito mzima, akivuta mwisho wake kama mama alivyovuta. Kunguru wawili walishuka, wakala mpaka jani likapinduka.

"Umejifunza wapi?" nikauliza.

"Kwani mama yako alikuwa akiongea na nani hapa? Baba yako yuko ofisini, ninyi mko shule. Tulikuwa tukichambua kahawa hapa, ananifundisha. Nikikosea anacheka, nikipatia anacheka zaidi." Akanitazama usoni. "Saptiya?"

Swali hilo mama aliniuliza kila siku: umekula? Jibu lake la Kitamil nilishalisahau.

"Bado, mama," nikasema kwa Kiswahili.

Akanipakulia.

Kesho yake nilirudi Dar. Miaka yote nilimhurumia mama kwa upweke wa Kibosho, mlimani, mbali na watu wake. Sasa najua huko ndiko alikokuwa na mtu wa kumjibu. Upweke aliupata Dar es Salaam, mezani, mimi nikiwa nimekaa mbele yake.