Swali la Ng'ombe wa Baba

Nikisikia mtu anaongea Kiswahili polepole, neno moja, anapumzika, neno lingine, kama anamlisha mgonjwa uji, naondoka hapo. Nanyi mngekaa kwenye ile shule yetu ya nyasi, Kibingo, mngenielewa.

Mwalimu alitoka mbali, lugha yetu ya Kinyambo hakuijua hata salamu. Basi alitufundisha kwa makelele. Anashika kiti: "Hiki... ni... nini?" Sote: "Hiki ni kitiii!" Anashika pua yake: "Hii... ni... nini?" Kila siku alituuliza vitu anavyoviona kwa macho yake mwenyewe.

Dada yangu Kokushubila ndiye aliyekijua Kiswahili. Jioni tukitikisa maziwa kwenye kibuyu, alinirudishia maneno mpaka yaniingie. Na baba alishasema: atakayefaulu ataendelea na shule, atakayeshindwa atabaki nyumbani na kibuyu.

Siku ya mtihani wa kusema, dada akaitwa mbele.

"Baba yako... ana ng'ombe... wangapi?"

Dada akainamisha macho. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Bibi alikuwa akisema, ng'ombe akihesabiwa kifo kinasikia. Lakini dada angemwelezaje Mwalimu? Tulikuwa tumefundishwa kiti na pua tu.

"Ng'ombe! Mooo! Wa-nga-pi?" Mwalimu akaweka vidole kichwani kama pembe. Darasa likaangua kicheko. Dada machozi yanamtiririka.

"Gogo hili," Mwalimu akasema, haraka haraka sasa, maana hakuwa anasema na sisi. "Haya, mdogo wake!"

Nikasimama. "Baba yangu ana ng'ombe kumi na wawili."

"Safi sana! Mpigieni makofi!"

Njiani dada aliniuliza kitu kimoja tu. "Umewahesabu lini?"

"Sijawahesabu. Nimetunga."

Jumatatu nilienda shule peke yangu. Mimi nimefika sekondari. Yeye yuko Kimuli kwa mumewe, na barua zangu anasomewa na watu.

Niseme ukweli, miaka mingi nilimwona mjinga. Si angetaja namba yoyote, yaishe? Sasa ndiyo naelewa, na inaniuma. Mwalimu hakuwa na haja na ng'ombe wa baba. Alitaka sentensi. Ningesema elfu, bado ningepigiwa makofi. Katika darasa zima ni dada peke yake aliyeamini kwamba anaulizwa.