Herufi Nne za Mwanzo

Miaka hupita kama maji yapitayo chini ya mkeka: aliyelala hayasikii, mpaka atakapoamka akakuta ubavu umelowa. Ndivyo ilivyompitia mtu huyu katika nyumba ya kumbukumbu za mji. Aliingia humo kijana, shati limenyooshwa na mama yake, na kabla hajajua kulikoni alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea karatasi na moja ya kutazamia kioo cha kompyuta. Wakuu wa idara walikuja wakaondoka. Mashine zenye maandishi ya kijani zilitoka, zikaja zilizonguruma kama kinu, zikafuata nyembamba kama sinia. Chumba chake hakikubadilika: dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani, rafu za chuma, makasha ya diski, na sakafu iliyolika pale magurudumu ya kiti chake yalipozoea kugeuka.

Kazi yake ilikuwa kuyatambua mafaili yaliyopoteza majina. Diski za zamani zililetwa kutoka idara hii na ile, na kompyuta mpya zikiulizwa kilichomo hujibu kwamba hazikijui. Yeye hakubishana nazo. Alilifungua faili kwa zana iliyolionyesha kama lilivyo, baiti baada ya baiti, namba tupu zilizopangwa safu kwa safu, kisha akazisoma chache za mwanzo. Kwa maana mafaili yana nasaba kama watu, na aghalabu nasaba hiyo imeandikwa kwenye paji la uso. Picha za namna moja huanza kwa herufi GIF. Nyaraka za kuchapishwa huanza kwa alama ya asilimia ikifuatwa na PDF. Mafurushi yaliyobanwa huanza kwa PK, herufi za mwanzo za majina ya aliyeyabuni. Sauti za zamani huanza kwa herufi nne, RIFF, na baada ya pengo dogo hufuata nne nyingine, WAVE. Yapo pia yanayoanza kwa namba zisizotamkika, nazo alizijua kama mtu ajuavyo kikohozi cha ndugu yake chumba cha pili.

Wenzake walimwita Mpiga Ramli. Yeye ni mcha Mungu na jina hilo lilimkera, ila aliona kulikataa ni kulipigilia misumari. Karani wa chumba cha jirani, mtu wa maneno mengi na kazi chache, alipenda kusimama mlangoni na kumwomba amtazamie nyota yake, atapandishwa cheo lini. Naye, bila kuinua kichwa, humjibu kuwa ameshamsoma: baiti zake za mwanzo zote ni sifuri.

Mtu huyu alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, wao wawili tu. Dada huyo alikuwa muuguzi katika zahanati iliyokuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini, akiishi na mama yao katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya wodi. Mama alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa upande ule walianza kuiona dunia mikononi mwake. Maradhi yalipomshika na ikawa wazi kwamba si ya kuondoka, dada alipata wazo. Alasiri, wagonjwa wakipungua, alimkalisha mama mbele ya kompyuta ya zahanati, akamwekea kipaza sauti kidogo, akamwomba asimulie: nani alizaliwa akitanguliza miguu, nani alizaliwa paa likiezekwa, na namna ya kumtuliza binti anayezaa kwa mara ya kwanza. Alitaka yabaki kwa ajili ya binti yake, aliyekuwa mdogo bado, asije akamjua bibi yake kwa picha tu.

Kaka alialikwa kila mara. Kila mara aliahidi, na kila mara kazi ilimtangulia mlangoni. Siku hizo nyumba ya kumbukumbu ilikuwa ikihamisha kila kilichomo kutoka mashine za zamani hadi mpya, na aliamini kwamba akiondoka hata siku moja mambo yangekwenda mrama. Alituma salamu, alituma dawa. Mwenyewe hakwenda.

Kisha zahanati ikaletewa kompyuta nyingine, na ile ya zamani ikatakiwa irudishwe tupu. Dada aliifunga kwa shuka akaileta kwa kaka yake. Kaka akaiunga kwa waya na mashine ya ofisini, akahamisha sauti zote huku akiitwa chumba hiki na kile. Alipomaliza alifungua lile la kwanza kwa zana yake. RIFF. La pili, RIFF. Yote yalikuwa na paji la uso lililo safi. Dada alimwuliza kama hawawezi kusikiliza hata kidogo. Mashine ya ofisini haikuwa na spika, naye alikuwa na watu wanamsubiri.

"Faili hujitaja lenyewe, mdogo wangu," alimwambia. "Haya yamejitaja. Yako salama."

"Basi nifute huku?"

"Futa."

Mama alifariki kabla ya mwaka kugeuka. Dada hakuziulizia zile sauti, maana hakuwa na kifua cha kuzisikia. Kaka naye hakuzifungua. Alizihamisha kutoka diski hadi diski, mashine hadi mashine, kila mara akihakikisha zile herufi nne zipo, na akajihesabia kuwa mlinzi mwaminifu wa amana.

Yule binti mdogo akakua, akaolewa, akapata mimba yake ya kwanza. Alikuwa na hofu ambayo maneno ya mama yake hayakuitoa, na siku moja akasema angetamani kusikia bibi alikuwa akiwaambia nini wasichana wa hali yake. Dada akamwahidi kwamba atamsikia bibi mwenyewe. Asubuhi ya siku ya pili alikuwa mlangoni kwa kaka yake ofisini, ameshika spika mbili ndani ya mfuko na uso uliojikaza kama wa mtu anayekwenda kuchomwa sindano.

Faili la kwanza lilifunguka, na kilichotoka kilikuwa kama maji yaliyomwagwa katika mafuta ya moto. La pili vivyo hivyo. Wakajaribu la tatu, na la nne.

"Mama hakuwa na sauti hiyo," dada alisema.

 Kaka alilifungua faili kwa zana yake, na kwa mara ya kwanza akashuka chini ya zile safu za mwanzo, akaenda kiwiliwilini. Alitembea na namba ukurasa kwa ukurasa. Baiti huweza kubeba namba yoyote kuanzia sifuri hadi mia mbili hamsini na tano, lakini humo hapakuwa na hata moja iliyozidi mia na ishirini na saba. Hapo akaelewa. Mashine mbili za zamani zikiungwa kwa waya, mtu huchagua kama zipelekeane biti nane za kila baiti, yaani vipande vyake vidogo kabisa, au saba tu. Maandishi ya kawaida hutosheka na saba, na siku zile alikuwa akihamisha maandishi. Chaguo lilibaki kwenye saba. Kila baiti ya sauti ya mama ilipita kwenye waya ule ikakatwa biti yake ya juu, ile yenye thamani ya mia na ishirini na nane. Herufi RIFF, kwa kuwa ni herufi, hazikuhitaji biti ya nane, zikafika bila mkwaruzo. Alijua kwamba ipo aina ya picha ambayo watu walioibuni waliweka makusudi, mwanzoni kabisa, namba isiyoweza kupita njia ya biti saba bila kujeruhiwa, ili jeraha lionekane mlangoni. Waliobuni sauti hizi hawakuweka mlinzi wa namna hiyo, na yeye aliyekuwa mlinzi alitazama paji la uso, akaruhusu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Alimweleza dada yake kwa maneno machache. Hakuzunguka.

"Kwa hiyo siku ile uliangalia nini?"

"Mwanzo wake."

"Kumbe," dada alisema taratibu, "ulimposa mke kwa kuona viatu vyake mlangoni." Kisha akaongeza, "Sisi wodini hatusomi jina kitandani tukaondoka, Kaka. Tunamshika mgonjwa mkono."

Hakupaza sauti, na hilo lilimchoma kaka kuliko matusi. Alizikusanya spika zake, akasema hajui atamwambia nini mtoto, akaenda zake.

Tangu hapo mtu huyu hakuwa na raha ya chakula wala ya maongezi. Karani wa jirani alikuja na mzaha wake mlangoni, akaona uso, akarudi. Kila alipopata nafasi alizikalia zile namba. Wajuzi wa mambo haya husema biti iliyokatwa imekatwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo alikuwa ameona jambo moja.

Katika sauti za namna ile, ukimya huandikwa kwa namba ya katikati, mia na ishirini na nane. Mfano wake ni nyumba ya ghorofa moja, na namba ndio wakazi wake. Sauti ya chini husimama karibu na mpaka wa ghorofa: ama juu kidogo ya sakafu ya ghorofani, ama chini kidogo ya dari la ukumbi wa chini. Sauti kubwa hupaa hadi paani na kushuka hadi kwenye msingi. Waya ule uliwaangusha wote wa ghorofani hadi ukumbini, wakachanganyika. Sauti ikiwa ya chini, waliosimama ukumbini karibu na dari wanajulikana kuwa ni wenyeji wa hapo hapo. Walio karibu na sakafu yake wanajulikana kuwa wametoka juu, na wanaweza kurudishwa. Ila sauti ikiwa kubwa wote hutapakaa hadi katikati, na hakuna ajuaye nani ni wa wapi. Kwa maana hiyo kilichosemwa kwa sauti ya chini kiliweza kuokolewa, na kilichosemwa kwa nguvu kilikuwa kimepotea.

Nao msiba ulikuwa hapo. Mama alikuwa mkunga wa kuita msaada kutoka mwisho mmoja wa wodi hadi mwingine, na aliichukulia kompyuta kuwa ni kiziwi. Kila alichokusudia kukiacha alikisema kwa sauti ya kuitikisa meza. Namna alivyowatuliza wasichana, nani alitanguliza miguu, yote yalibaki kuwa mafuta ya moto. Kilichorudi ni yale aliyoyasema akiegemea kiti, akidhani hayahesabiki: kuomba maji, kuuliza kama kitu hiki kimezimwa, kulalamikia mto, kumwambia binti yake kwamba anakonda.

Alimwita dada yake. Safari hii alikuja na binti yake, tumbo likimtangulia. Wakasikiliza. Binti alicheka pale bibi alipoulalamikia mto, kisha akafuta macho, akaomba sehemu hiyo irudiwe. Dada alikaa ameinamisha kichwa. Ndipo ikafika sehemu ambayo kaka alikuwa ameshaisikia peke yake na hakuwa na nguvu ya kuwatangulizia.

"Leo pia hakuja?" ilisema sauti ya mama, ya chini, karibu kabisa.

"Yuko kazini, Mama," ikajibu sauti ya dada enzi za ujana wake.

"Usimsumbue. Kazi ni kazi." Kikohozi. "Nenda, wanakuita wodini. Acha hiki kiwake. Nitamwambia mwenyewe."

Zikafuata hatua za mtu anayeondoka, na mlango. Mama alivuta pumzi, akamwita mwanawe kwa sauti aliyodhani itafika mjini, na kishindo kikamfunika. Kilikuwa kirefu. Mara mbili au tatu kilishuka kana kwamba anapumzika, kikapanda tena. Mwishoni, sauti ikiwa imechoka na kuteremka, yakasikika maneno mawili: "Haya. Imetosha." Baada ya hapo ukawa ukimya tu, na kiti kikilia.

Binti aliwatazama wakubwa wake mmoja baada ya mwingine. Kaka alimwuliza dada yake kama anajua mama alisema nini.

"Nilikuwa wodini," dada alijibu. "Niliporudi aliniambia amekuachia maneno humo. Nikadhani ulishayasikia zamani, Kaka. Mafaili si yalikuwa kwako?"

Yalikuwa kwake miaka yote hiyo. Angeyafungua wiki ile ile, mama akiwa hai, angeweza kwenda kumwuliza mwenyewe. Hilo halikuhitaji kusemwa, na dada, ambaye siku ile nyingine alikuwa na ulimi wa kisu, hakulisema. Alivuta kiti chake karibu.

"Mimi nilikaa naye mpaka mwisho," alisema. "Alikutaja kila siku, na hata siku moja hakukutaja kwa ubaya. Sijui alisema nini humo. Ila laana haikuwa."

Kaka alishukuru kwa kutikisa kichwa. Faraja ya dada ni faraja, lakini radhi ya mzazi mtu hutamani aisikie kwa sikio lake, na yeye alikuwa ameletewa yake mpaka mezani akaiwekea muhuri bila kuifungua. Binti alijifungua salama, akisikiliza bibi yake akiomba maji na kugombana na mto, kwa maana hakukuwa na jingine la kumpa. Mjomba wake amekwisha kustaafu. Faili lile bado analo, na kila akilisikiliza hulisikiliza mpaka mwisho, mpaka lile "Imetosha", na hajapata kuamua kama ni neno la mtu aliyeridhika au la mtu aliyechoka kusubiri.

Mwenyezi Mungu, asikiaye kilichonong'onwa na kilichopazwa sawasawa, na ambaye kwake hakuna neno lililopotea njiani, amfikishie mja wake huyu radhi ya mama yake kwa njia aijuayo Yeye. Amrehemu mkunga yule kwa kila roho aliyoipokea mikononi, amzidishie dada subira na afya, amkuze mtoto mchanga katika wema, na awajaalie ndugu hawa wawili wasikilizane siku zote zilizowabakia.